Kwa Nini Wanaume wa Talago Kunik Hawana Nyumba

Swali liliulizwa na Yelni, mjukuu aliyezaliwa na kukulia Jakarta, siku mbili kabla ya harusi ya kaka yake. Wanawake wa ukoo walikuwa wameketi kwenye ukumbi wa nyumba kubwa, nyumba ya mbao ya kabila lao la Waminangkabau, ambayo ncha za paa lake huinuka kama pembe za nyati. Walikuwa wakichambua pilipili na kukuna nazi kwa ajili ya karamu. Yelni akasema haoni haki. Kaka yake Fadlan ndiye aliyepanda juu ya paa hili mwaka jana kuliziba, akashuka na viganja vimechubuka. Sasa anaoa, anahamia kwa mkewe, na humu ndani hana hata chumba kimoja. Vyumba vyote saba ni vya wanawake. Kwa nini?

Andung Rosmani, bibi yake, alikuwa na miaka themanini na mitatu, na hakuwa mtu wa kujibu haraka. Alimaliza kwanza nazi iliyokuwa mkononi mwake. Kisha akafuta mikono, akaanza kusimulia kwa Kiminangkabau, taratibu, ili mjukuu asiyekijua vizuri aweze kumfuata.

Vijiji vingine vina hadithi zao, alisema, nami sizipingi. Hii ni ya nyumba yetu, kama nilivyoipokea kwa mama yangu.

Hapo kale, nyumba ilipokuwa bado ya baba, kijiji hiki cha Talago Kunik hakikuwa na nyumba kuukuu hata moja. Watu wake hawakuwa wazembe. Walijenga vizuri kama tunavyojenga sisi. Lakini mila yao ilikuwa kwamba nyumba ni ya mwanamume aliyeijenga, naye akifa, siku ya saba baada ya mazishi wanawe wa kiume walikuja na kamba na nyundo za mti, wakaivunja na kugawana nguzo zake.

Nguzo zilikuwa mali kubwa. Mti wake ulikatwa mbali, kwenye miteremko ya mlima Marapi, ukaburutwa na watu wengi, ukazikwa kwenye tope la bwawa miaka mitano au sita mpaka mchwa wasiutamani tena. Mtu mmoja hakuweza kupata nguzo nyingi maishani mwake. Ndiyo maana kijana aliyefiwa na baba alilia kwa jicho moja, na kwa jicho la pili alizitazama nguzo.

Binti hakupata kitu, kwa kuwa alihesabiwa kuwa wa mumewe. Mjane alifunga nguo zake akawa mtu wa kuzunguka, mwezi huu kwa mwana huyu, mwezi ujao kwa yule, na kila alikokwenda alikuwa mgeni wa mkaza mwana. Watoto walikua bila kujua bibi yao alipikia wapi. Hadithi zikapotea. Hata maneno yakapotea, maana maneno ya lugha hukaa jikoni pamoja na bibi wa nyumba, na mabibi wa wakati ule hawakuwa na jiko.

Katika kijiji hicho aliishi mzee aliyeitwa Datuak Putiah, Datuak kikiwa ni cheo cha mzee wa ukoo, na mkewe Kasumbo. Kasumbo ndiye tunayetoka kwake sisi sote tulioketi hapa. Walikuwa na watoto watatu. Mkubwa alikuwa Lenggang, mwenye mke na watoto wanne, aliyeishi katika kibanda kando ya mashamba ya mpunga. Wa pili alikuwa binti, Reno Ameh. Huyu aliolewa bonde la pili, mumewe akachukuliwa na mto wakati wa mafuriko, naye akarudi kwa wazazi na binti zake wawili wadogo. Wa mwisho alikuwa Gombak, kijana mwenye nguvu ambaye alikuwa hajaoa.

Datuak Putiah alikufa katika msimu wa mvua. Kasumbo wakati huo miguu yake ilikuwa imekwisha kumsaliti. Alitambaa kutoka kitandani hadi mekoni, na Reno Ameh ndiye aliyemwogesha na kumshika mkono.

Siku ya saba Lenggang na Gombak walikuja, na majirani kumi nyuma yao, wakiwa na kamba. Reno Ameh aliwangoja mlangoni. Hakuwazuia, kwa sababu mila haikumpa haki ya kuzuia. Aliomba muda tu. Aliwaambia wasubiri mvua zipite, wiki tatu au nne, kwa ajili ya mama.

Lenggang akamjibu bila ukali, "Dada, mvua hainyeshi kwako peke yako. Kwangu watoto wanalala wameketi, kwa sababu sakafu yote imelowa. Nimezisubiri nguzo hizi miaka kumi na miwili."

Ulikuwa ukweli. Nakuomba ulikumbuke hilo, Yelni, kwa sababu watu wakiisikia hadithi hii hupenda kumfanya Lenggang mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa baba mwenye paa linalovuja, naye alifuata njia aliyofuata baba yake, na babu yake kabla ya hapo.

Walianza na paa. Waliteremsha nyuzi nyeusi za mnazi-pori zilizoezekewa, tita baada ya tita. Kasumbo alikuwa ameketi mekoni, sufuria ya wali iko motoni, na mwanga ukaanza kumwangukia kutoka juu mahali ambapo hapakuwa na mwanga kamwe. Hakulia wala kulaani. Alisema tu kwamba wali haujaiva, na si vizuri watu kufanya kazi na njaa. Wale wanaume wakashuka, wakaketi, wakala wali wake. Kisha wakarudi juu kumalizia.

Kufika alasiri, pale palipokuwa nyumba palibaki mawe bapa ambayo nguzo zilisimama juu yake, na majivu ya meko. Lenggang alipata nguzo saba na Gombak tano. Kwa mila, mama alipaswa kwenda kwa Lenggang. Lakini kibanda cha Lenggang kilikuwa kimejaa, nguzo zilikuwa bado hazijasimamishwa, na mkewe akaomba wapewe siku kumi. Basi Reno Ameh akampeleka mama yake kwenye ghala la mpunga lililokuwa kando ya uwanja, kijumba kidogo juu ya miti minne, ambamo mtu hawezi kunyoosha miguu. Akalala humo na mama yake na wale watoto wawili, katikati ya mavuno ya mwaka uliopita.

Baridi ya huku juu mnaijua. Siku ya tatu Kasumbo alianza kukohoa. Siku ya tano homa ilipanda. Lenggang alikuja na dawa za majani, akasimama chini ya ghala kwa sababu juu hapakuwa na nafasi ya kuingia mtu wa tano. Alimwambia mama yake kwamba nguzo ya kwanza itasimama kesho kutwa. Mama akamwambia asiharakishe, nguzo inayosimamishwa kwa haraka hukaa upande.

Siku ya nane Kasumbo alifariki.

Ilikuwa lazima maiti aoshwe chini ya paa lake mwenyewe, ndipo abebwe. Watu walipokusanyika waligundua jambo ambalo kijiji hakikuwahi kulikabili kwa uwazi namna ile: Kasumbo hakuwa na paa. Ghala lilikuwa dogo. Walimpeleka hadi kwa Lenggang, lakini mlango wa kibanda ulikuwa mwembamba na ndani hapakuwa na mahali pa kumlaza mtu mzima. Majirani waliangaliana. Kila mmoja angeweza kutoa nyumba yake, na kila mmoja alijua kwamba kumwoshea marehemu katika nyumba ya ukoo mwingine ni kumfanya asiye na kwao.

Reno Ameh ndiye aliyeamua. Alisema mama ataoshwa kwake. Wakamrudisha hadi kwenye yale mawe bapa, wakamlaza mahali palipokuwa na meko yake, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, wanaume wanne wakashika mkeka mkubwa kwa pembe zake na kuuinua juu ya wanawake waliokuwa wakimwosha. Lenggang alishika pembe moja. Kazi ile huchukua muda, na mkeka uliolowa ni mzito. Maji yalimtiririka mkononi, yakaingia kwapani, yakashuka hadi kiunoni, naye hakuweza kushusha mkono hata kidogo, maana angeushusha, mama yake angenyeshewa.

Hakuna aliyemlaumu siku hiyo. Nadhani ingekuwa rahisi zaidi kwake kama wangemlaumu.

Asubuhi baada ya maziko, watu wa Talago Kunik walimwona Lenggang amefunga kamba kwenye nguzo moja kati ya zile saba, ameipitisha begani, na anavuta. Nguzo ile ilihitaji watu wanane. Aliisogeza hatua mbili, akapumzika, akaisogeza hatua moja. Mkewe alitoka mlangoni akamwuliza watoto watalala wapi sasa. Lenggang akamwambia kibanda kile tangu leo ni chake yeye mkewe, na baada yake ni cha binti zake, na kwamba ataliziba paa kwa namna yoyote. Mke akaingia ndani.

Wa kwanza kumfuata alikuwa Gombak. Aliiona kamba, akaiona nguzo inavyoelekea, akaenda nyuma akasukuma. Ndugu wale wawili walishinda kutwa nzima na nguzo moja, na jioni ilikuwa imelala kando ya mawe ya mama yao. Kesho yake walikuwapo watu sita. Keshokutwa, ishirini.

Hapo wazee wa baraza wakashtuka. Mkuu wao, Datuak Bandaro, aliwaita ndugu wote watatu kwenye ukumbi wa mkutano. Aliwaeleza kwa upole kwamba huruma ni jambo jema, lakini mila si huruma ya siku moja. Dada mmoja akipewa nyumba, kila dada ataidai. Na mwanamume asiye na nguzo, ataitwa nani? Na watoto wa mwanamke mwenye nyumba asiye na mume, nani atawasemea barazani?

Wanawake wakati ule hawakusema mbele ya baraza. Reno Ameh aliomba ruhusa, na kwa kuwa msiba ulikuwa bado mbichi, akapewa.

Alisema, "Wazee wangu, siwaombi mnipe nyumba. Naomba isivunjwe. Mwanamume ana miguu, anaweza kwenda na kurudi. Mzee hana, mtoto hana, wala aliyejifungua jana hana. Nyumba na iwe ya yule ambaye hawezi kuondoka. Mimi nitaishika kwa niaba yao, na nikifa, binti yangu ataishika."

Datuak Bandaro akarudia lile swali lake la mwisho, kwamba watoto wa nyumba hiyo watasemewa na nani.

Lenggang alisimama. Alisema watasemewa na yeye. Wao si watoto wake, lakini ni wa mama yake, na nyumba ya mama yake haitakosa mdomo barazani maadamu yeye yu hai. Wanawe mwenyewe watasemewa na ndugu za mke wake, ambao wanawapenda. Kisha akaongeza maneno ambayo nyumba hii imeyashika mpaka leo: "Nilipokea nguzo saba nikampoteza mama. Atakayeona hesabu hiyo ni sawa, na aje anipokonye kamba."

Hakuja mtu. Baraza lilikaa siku mbili, kwa sababu sisi Waminangkabau hatukati neno mpaka wa mwisho akubali, na siku ya pili wa mwisho akakubali. Nyumba isivunjwe tena. Iwe ya mama, ipite kwa binti. Mume akalale kwa mkewe. Mjomba awe mlezi na msemaji wa watoto wa dada yake.

Nyumba ilisimama tena juu ya mawe yale yale. Lakini likabaki jambo moja ambalo baraza halikuwa limelifikiria, nalo lilikuwa Gombak. Hakuwa na mke wa kumpokea. Nyumba ya mama ilikuwa sasa na vyumba vya dada yake na wapwa zake. Alilala katika nyumba ya vijana, akawa anakuja kula. Reno Ameh alimsihi akae, akasema atabanana na watoto ampishe. Gombak akakataa. Alimwambia kwamba akiingia yeye leo, kesho kila kaka atakuwa na sababu yake ya kuingia, na nyumba itarudi kuwa nguzo za kugawana.

Basi akaondoka. Reno Ameh alimfungia nyama iliyokaangwa na tui na viungo mpaka ikakauka na kuwa nyeusi, nyama inayokaa wiki nyingi bila kuharibika. Gombak alifuata mto hadi pwani, akavuka mlango wa bahari, akafika bandari za mbali. Alipakia pilipili, alifuma nyavu, alikuwa mkalimani wa manahodha. Tunamhesabu kuwa wa kwanza wetu kwenda ugenini kwa hiari, na alikaa huko miaka ishirini na sita.

Aliporudi alikuwa na mvi, na amevaa kama watu wa bandarini. Njia zilikuwa zimehama na mashamba ya mpunga yamepanda mlima. Aliuliza watu chemchemini nyumba ya Datuak Putiah iko wapi. Hawakuijua. Aliuliza kwenye lango la soko, akaambiwa hakuna nyumba ya jina hilo. Mzee mmoja alikumbuka kwamba Datuak Putiah alikufa zamani sana na nyumba yake ikavunjwa. Gombak aliposikia hivyo aliketi chini. Aliamini kwamba walikuwa wameivunja tena, kwamba ule mkeka na zile kamba na yale maneno ya baraza yote yalikuwa kazi bure. Akaanza kufikiri atalala wapi njiani akirudi pwani.

Mwanamke aliyekuwa akipita na mzigo wa mpunga kichwani alimwona mgeni ameinama, akasimama. Akamwuliza mama yake alikuwa nani.

"Kasumbo," akasema Gombak.

Yule mwanamke akageuza mwili mzima, kwa sababu mwenye mzigo kichwani hawezi kugeuza shingo, akamwonyesha. "Kwa Kasumbo ni pale, paa lile refu kuliko yote. Kila mtu anapajua kwa Kasumbo."

Gombak alifika kwenye ngazi ya nyumba. Juu mlangoni alikuwapo mwanamke wa miaka thelathini na kitu, naye alikuwa Sarumi, binti mkubwa wa Reno Ameh, ambaye Gombak alimwacha akiwa mtoto mdogo. Reno Ameh alikuwa amekwisha kufariki katika mwaka mmoja wa njaa, panya walipomaliza mpunga mashambani. Sarumi hakumjua mgeni huyu. Gombak alitaka kusema mengi, lakini lugha ya bandari ilikuwa imemkalia ulimini, na alichoweza kwanza ni kuomba maji ya kunawa miguu. Akasema *air*, kama wanavyosema huko, na kama unavyosema wewe, Yelni.

Sarumi akamsahihisha, kama mtoto anavyosahihishwa. "*Aia*," alisema.

"*Aia*," akarudia Gombak. Alishika mguu wa ngazi, na Sarumi akashuka na kata ya maji, akamnawisha kabla hajamwuliza jina.

Lenggang wakati huo alikuwa mzee wa kuongozwa kwa mkono, aliyeletwa kila asubuhi kutoka kwa mkewe kuja kuketi kwenye ukumbi wa mbele na kusikiliza mashauri ya wapwa. Ndugu wale waliketi pamoja. Kisha Gombak akauliza kwa mzaha, lakini haukuwa mzaha wote, kama kati ya vyumba vile kuna cha kwake. Sarumi akamjibu kwa heshima kwamba hakipo. Vyumba ni vya mabinti. Lakini mahali pa kuketi anapo, kando ya nguzo ya kati, na watoto wake yeye Sarumi wanahitaji mjomba, maana Lenggang sauti yake haifiki tena mwisho wa ukumbi.

Sikwambii kwamba jibu lile halikumuuma. Lilimuuma. Mtu aliyekaa ugenini miaka ishirini na sita huota kitanda. Hata hivyo alisogea akaketi pale alipoonyeshwa, na asubuhi iliyofuata aliitwa kumwombea radhi mtoto wa Sarumi aliyeachia nyati akaingia shamba la mtu. Akaenda. Na mwenye shamba alipomwuliza yeye ni nani hata aseme kwa ajili ya mtoto huyo, Gombak hakumtaja baba yake. Alisema yeye ni wa kwa Kasumbo.

Kwa hiyo, Yelni, kaka yako si kwamba amenyimwa. Kesho kutwa atapelekwa kwa mke wake na shangwe, na wewe siku ukipata watoto, yeye ndiye atakayekuja hapa kuwasemea, akiwa Jakarta au akiwa ng'ambo. Mila hii ina uchungu wake. Niliwaona kaka zangu watatu wakiondoka kwa mlango huu, na mmoja hakurudi. Lakini bibi wa nyumba hii hajawahi kulala ghalani.

Na tangu siku hiyo, wanaume wetu huondoka na nyumba hubaki. Na tangu siku hiyo, mtu wa Talago Kunik akikutana na mwenzake katika nchi ya watu, penye watu wengi na lugha nyingi, hamwulizi baba yako ana nini. Humwuliza mama yako ni wa nyumba ipi, na akijibiwa, humpa maji.